Pikipiki ya Mtu Mmoja

Jina lake analo, lakini mtaani kwetu hakuna anayelitumia. Ukiingia Likasi ukaulizia Katekista mwenye pikipiki nyeusi, utaletwa mpaka kwenye geti lake, na aliyekuleta atabaki pale kidogo ili naye aitazame. Mimi nimepakana naye ukuta kwa ukuta. Ninashona nguo, nina mdomo, na Katekista bado yuko hai, kwa hiyo nitajitahidi kuuchunga.

Miaka mingi alifanya kazi kwenye karakana ya mabati ya kiwanda. Kiwanda kilipompumzisha alirudi nyumbani na nyundo zake, kipande cha reli cha kugongea, na shingo ngumu ileile aliyoenda nayo. Parokia ikampa kazi ya kufundisha katekisimu kwenye vigango, yale makanisa madogo ya njia ya Kapolowe na ya kandokando ya ziwa Tshangalele, na kwa kazi hiyo akanunua pikipiki. Ndipo nilipoanza kumjua kwa kweli, kwa sababu pikipiki ile hakuitaka kama ilivyotoka dukani.

Ni mtu mwembamba, mrefu, anayevaa shati jeupe lililopigwa pasi hata akienda kuchota maji. Huongea kidogo. Ukimwuliza jambo lolote, wanafunzi wake wa ubatizo wamefika wapi, goti lake linaendeleaje, mahindi yake yataiva lini, atakujibu "Iko mu njia," na hapo mazungumzo yamekwisha. Nilipokuwa mgeni mtaani nilidhani ni dharau. Baadaye niligundua kwamba ndivyo anavyoamini: kila kitu kiko njiani, na kukisukuma ni utovu wa adabu.

Sasa madigadi. Pikipiki ilikuja na madigadi ya plastiki nyuma, ile ambayo huku tunaiita garde-boue, ndefu, laini, inayotikisika hata ikiwa imesimama. Msimu wa mvua barabara ya ziwani ikaivunja. Jumapili hiyo Katekista aliingia kigangoni na mstari mwekundu wa matope kutoka kiunoni mpaka kisogoni, juu ya lile shati jeupe, akawageuzia waumini mgongo kuongoza sala. Nimesimuliwa kwamba Baba Yetu ilikatika katikati kwa kicheko. Mtu mwingine angekwenda kwenye maduka ya vipuri akachukua plastiki nyingine. Yeye alirudi nyumbani akaivua pikipiki nyuma yote, palepale uani, kwenye saruji ya kufulia nguo.

Sijawahi kuona mtu akivua kitu kwa heshima ya namna ile. Kiti kwanza, kisha nyaya za taa ya nyuma na za indiketa, kila waya ukifungwa uzi wa rangi yake, uzi alioniomba mimi. Bolti alizipanga juu ya kitambaa kama zilivyokaa kwenye chuma, za kushoto kushoto, za kulia kulia, na bata wangu alipokatiza juu ya kitambaa alimwinua kwa mikono miwili akamweka pembeni bila kusema neno. Halafu akakata umbo la madigadi kwenye karatasi ngumu ya boksi, akalishika juu ya tairi, akalitazama, akalitupa, akakata jingine. Maboksi yote ya mtaa yaliishia pale.

Bati alilitoa kwenye pipa kuukuu la mafuta, kwa sababu pipa, alisema, tayari linajua kujikunja. Alilikata kwa tindo. Kisha akaja kwangu na suruali ya jinzi iliyochakaa, akataka nimshonee mfuko wa kujaza mchanga ili auweke chini ya bati wakati wa kugonga. Nilishona. Akaujaza, akaupiga kwa nyundo ya mti, mchanga ukavuja kwenye pindo, akanirudishia mfuko bila kulaumu, na hilo liliniuma kuliko kulaumiwa. Nilishona tena kwa uzi wa viatu. Mfuko huo bado anao, na mimi ninajivuna nao.

Kuna watu hugonga bati kana kwamba limewakosea. Yeye nyundo yake ilishuka, ikapanda, ikashuka tena pembeni kidogo ya pale iliposhuka mwanzo, na bati likaanza kujaa polepole kama shavu la mtu anayepuliza moto. Mimi nilikuwa dirishani na cherehani yangu, nikajikuta ninashona kwa mwendo wa nyundo yake bila kupenda. Lililokuwa bapa likapata tumbo, na juu yake akainua mstari mmoja mwembamba, ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho, kama uti wa samaki ukishamaliza kumla. Mstari ule ulichukua kiangazi kizima. Ukingo aliukunja juu ya waya ili usimkate mtu, na ukipitisha kidole huwezi kujua waya umeanzia wapi. Nilipitisha changu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mtu huyu sisi tumekuwa tukimtumia kuandika majina ya ubatizo tu.

Vishikizio vya kuibeba madigadi alivifunga kwa ribiti. Nilimwuliza kwa nini hachomelei kama mafundi wengine wote. Nyaya nene za kutoka bwawa la umeme la Koni zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini umeme wenyewe hutua kwetu siku unapojisikia.

"Courant inadanganyaka," alisema. "Rivet, hapana."

Lakini kuifunga madigadi yenyewe ndiko kulikonimaliza. Alizungushia tairi kamba nene, akalaza madigadi juu ya kamba, akaikaza kwa mpira, akatia alama za matundu, akaifunga kwa bolti, kisha akaivuta kamba ikatoka. Nafasi iliyobaki kati ya tairi na bati ilikuwa nyembamba na sawasawa, toka juu mpaka chini. Mimi niliona kazi imekwisha. Yeye alijilaza ubavu kwenye saruji, na shati lake jeupe, akitazama uzi wa mwanga uliopita pale katikati, akaona mahali ambapo uzi unanenepa. Mimi sikuuona unanenepa na mpaka leo siuoni. Akafungua kila kitu, akaanza upya.

Ilipokamilika na kupakwa rangi nyeusi, mtaa mzima ulikuja. Walishangaa, kisha wakatazamana, kwa sababu kile kiti kirefu cha watu wawili, ambacho kwa Likasi ni cha watu watatu na kuku, hakikuwapo tena. Palikuwa na kiti kidogo cha mtu mmoja, na nyuma yake madigadi tupu iking'aa juu ya tairi. Huku kwetu pikipiki isiyoweza kumbeba mwenzako inashtua. Mgonjwa, mjamzito, gunia la makaa, mtoto aliyechelewa shule, wote wanategemea pikipiki ya jirani. Kijana mmoja wewa, yaani dereva wa pikipiki za abiria, akamwuliza kwa upole mbele ya watu wote kama abiria atakaa juu ya tairi.

"Hii moto ni ya muntu moya," Katekista alijibu, na moto kwetu ni pikipiki. "Mwenye anataka kubebwa, bawewa beko kwa rond-point." Akanyoosha kidole upande wa mzunguko wa barabara.

Watu wakasema ana mkono wa birika. Hata Padri hakupona. Siku moja ya mawingu mazito aliomba lifti mpaka parokia, akatembea kwa miguu, na Katekista akamsindikiza kwa heshima zote, polepole, juu ya pikipiki yake.

Jambo jingine lililonitatiza ni hili. Hakuna mtu Likasi aliyepiga vita majivuno kama yeye. Amewahi kumvua bwana harusi miwani ya jua mlangoni mwa kanisa. Amewaambia mabibi harusi wapunguze hereni, wapunguze kucha, wapunguze wasimamizi. Halafu Jumamosi alasiri unamwona na kitambaa laini cha kitenge anaisugua madigadi, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anasogea kusugua mahali ambapo vumbi halipo. Nilimwuliza juu ya ukuta kama mahubiri ya kesho yatazigusa na pikipiki. Akasema hii ni kazi, kazi haina majivuno, akaendelea kusugua. Polisi wa barabarani aliwahi kumsimamisha njia kuu, asiulize karatasi hata moja, akaizunguka pikipiki, akampa ruhusa ya kwenda. Hicho ndicho kisa pekee ambacho Katekista amenisimulia zaidi ya mara moja.

Nilimstaajabia, na wakati huohuo nilimkasirikia, na sababu nilikuwa nayo. Katekista ana mtoto mmoja tu, binti. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, baba akamlea peke yake, akamsuka nywele kwa mikono ileile ya nyundo. Binti aliimba kwaya, na akianza kuimba hata walevi wa ng'ambo ya barabara walinyamaza. Kisha akapata mimba, na kijana mwenyewe akapotelea upande wa Kolwezi. Katekista hakumpiga binti, hakumfokea. Aliacha kusema naye. Nyumba moja, meza moja, wala salamu. Binti akajifungua katika kimya kile, akakivumilia mpaka kikamshinda, akamfunga mtoto mgongoni akaenda Kapolowe kwa mama yake mdogo kulima. Nilimwona akitoka getini. Baba yake alikuwa uani na hakuinua kichwa.

Tangu hapo jina la binti halikutajwa. Kila alipokwenda vigangoni Katekista alipita Kapolowe moja kwa moja bila kukanyaga breki. Pikipiki ya mtu mmoja aliitengeneza katika miaka hiyo, na mtaa haukuhitaji kuelezwa. Sisi sote tulitaka binti yule arudi nyumbani. Yeye alitaka nini, hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza, maana jibu lingekuwa kwamba iko mu njia.

Basi msimu wa mvua uliopita, asubuhi moja, nilisikia kupitia ukutani sauti nisiyoizoea. Haikuwa nyundo. Ilikuwa drili ya mkono, ile ya kuzungusha, inayokula chuma taratibu. Nilipanda juu ya tofali nikachungulia. Katekista alikuwa ameiinamia madigadi anatoboa. Anatoboa kwenye uti wenyewe, ule mstari wa kiangazi kizima. Rangi nyeusi ilikuwa inabanduka vipande vipande na unga wa chuma ulikuwa umemwagika juu ya shati jeupe. Nilishika mdomo. Nilidhani akili imemruka.

Nilizunguka kwa geti mbiombio. Juu ya kitambaa alikuwa amepanga miguu minne ya chuma ya kubeba kiti, vishikizio virefu kuliko vya zamani, na kiti kidogo cha pili kisicho na ngozi bado. Hakushangaa kuniona. Alifunga kiti kwa bolti, akakipigapiga kwa kiganja, akanionyesha nikae.

"Mama couturière, ikala apa."

Nikamwuliza kama hiyo ndiyo namna ya kuniambia nimenenepa. Hakucheka. "Weye uko sawa na mama ya binti yangu," alisema. "Na ye sasa atakuwa sawa na mama yake."

Nikapanda, nikaketi. Akachuchumaa nyuma yangu akatia vidole kati ya tairi na bati, na akiwa pale chini, ambapo sikuweza kuuona uso wake, alisema maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia akisema nje ya kanisa. Mvua ilikuwa imemkuta Kapolowe, akajikinga barazani kwa misheni. Ndani kwaya ya akina mama ilikuwa inafanya mazoezi, na sauti moja aliitambua kabla hajajua inatoka wapi. Alibaki pale hata mvua ilipokatika. Walipotoka alimwambia binti yake neno moja tu, kwamba warudi nyumbani. Binti akamsalimu kwa kupiga magoti. Kisha akaizunguka pikipiki polepole, akapapasa ule uti wa madigadi toka mwanzo hadi mwisho, akasema papa amefanya kazi nzuri. Halafu akauliza: "Papa, miye nitaikala wapi?"

Drili ilikuwa chini, bata wangu anaizunguka. Mwisho udadisi ukanishinda. "Na weye ulimujibu nini?"

"Sikukuwa na jibu," alisema. "Njo ninatafuta."

Nilimwambia angeweza kumtumia gari. Akasema binti hakuuliza habari za gari. Hapo machozi yalinitoka, nikayaacha, kwa kuwa aliyekuwa nyuma yangu hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama uzi wa mwanga. Watu wawili wakipanda, springi zinashuka na tairi linapanda, na nafasi ile nyembamba aliyoipima kwa mwili wake peke yake haikutosha tena. Aliniambia nijirushe kidogo. Nikajirusha. "Bado." Akainyanyua madigadi, akafunga, akaniambia nijirushe tena. Tuliendelea hivyo, mimi ninarukaruka kama mtoto kwenye kitanda cha wageni, yeye anasema bado, mpaka aliposema "Sasa." Kiti nilikishona mimi, kwa uzi wa viatu, bila kuambiwa.

Aliondoka asubuhi, shati limepigwa pasi. Niliuliza juu ya ukuta kama binti amekubali. "Eko mu njia," alijibu, na kwa mara ya kwanza jibu lile lilinitia hofu, kwa sababu nilisikia katika sauti yake kwamba hana hakika. Siku hiyo hakurudi. Mvua ilinyesha. Siku iliyofuata cherehani ilinishinda, nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Niliwaza kwamba binti amekataa, na kwamba baba yuko mahali fulani barabarani na kiti kitupu nyuma yake, na mgongo wa madigadi yake umetobolewa bure.

Alasiri nikasikia kutoka kwenye kona kitu kinakwaruza. Pikipiki ikiingia kwenye shimo, krrr. Shimo jingine, krrr. Tairi lilikuwa linalamba bati. Nilijua kwa hakika kwamba si Katekista, kwani pikipiki ya Katekista haijawahi kutoa sauti isiyoombwa. Nikatoka kumtazama huyo fundi mbovu.

Alikuwa yeye, amekaa wima, mwekundu kwa matope mpaka kwenye nyusi. Nyuma kabisa alikuwa binti yake, amenenepa vizuri, amekuwa mama yake kweli, na mfuko wa viazi vitamu begani. Na katikati yao, amebanwa, ameshikilia kiuno cha Katekista kwa nguvu zote, alikuwa mtoto wa kike mkubwa wa kwenda shule, asiye na meno ya mbele.

Hapo nilielewa. Katekista alikuwa amempima binti yake, akakumbuka hata kwamba atakuwa ameongezeka. Lakini mtoto, katika hesabu yake, alikuwa bado yule wa mgongoni aliyetoka na mama yake getini, asiye na uzito wa kuhesabika. Miaka ilikuwa imepita Kapolowe na kwake haikupita.

Mtoto ndiye aliyeshuka wa kwanza. Akainama akatazama chini ya madigadi, akamwambia babu yake, "Kambo, moto yako inalia."

Katekista naye akainama. Rangi ya ndani ilikuwa imeliwa, na chuma kilionekana kinang'aa, mstari mrefu mbaya. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Aligusa mkwaruzo ule kwa kidole. Kisha akamgusa mtoto kichwani kwa kidole hichohicho, akamwachia unga mweusi kwenye nywele, akachukua mfuko wa viazi kutoka kwa binti yake akaingia nao ndani. Nilijua kwamba kesho asubuhi nitasikia spana.

Sikusikia spana kesho yake, wala wiki iliyofuata. Niliamka mapema nikasikiliza. Nilichosikia ni binti akiimba huku anasugua sufuria kwenye saruji ileile, na Katekista akimfundisha mjukuu majina ya nyundo.

Mwezi uliopita, misa ilipokwisha, nilimkuta nje ya kanisa amesimama karibu na pikipiki. Mjukuu alikuwa amekwisha kupanda anangoja, mama yake bado yuko ndani na wanakwaya. Madigadi ilikuwa imesuguliwa kama kawaida yake, bolti za kiti cha pili zimesimama juu ya ule uti uliotobolewa, na nilipoinama niliona ule mkwaruzo umezidi kupanuka. Sikuweza kujizuia. Nilimwambia kwamba mtu aliyefungua kazi nzima kwa ajili ya uzi wa mwanga ambao hakuna mwingine aliuona, ameshindwaje kunyanyua bati kidogo, na kwamba tairi litaisha.

"Tairi inabadilishwaka," alisema.

Nilidhani ndiyo yote, kwa kuwa kwake maneno mawili ni hotuba. Alitoa kitambaa chake cha kitenge, akafuta kiti mahali ambapo binti yake angekaa, akakikunja.

"Iache ilie, mama. Nikiisikia, njo ninajua bote beko nyuma."

Binti akatoka, akapanga nguo yake, akapanda. Waliondoka. Nilibaki pale uwanjani na kitabu changu cha nyimbo, nikiwasikiliza kwenye kila shimo mpaka walipokata kona.